Kibao cha Baba Mkwe

Walisema mtu aliyejifunza kuendesha gari kushoto hawezi kuwafundisha watu wanaoendesha kulia. Walisema hayo nikiwa nimesimama mbele yao, stashahada yangu ya usafirishaji kwapani ndani ya bahasha ya kaki, vumbi la safari ya kurudi Kigali kutoka Tanzania bado liko kwenye viatu. Shangazi yangu wa Nyamirambo, aliyenipokea kwake, alisema nitagonga ukuta kabla sijagonga mlango wa mwajiri. Mwanawe, binamu yangu, ambaye tayari alikuwa na kazi hotelini Kiyovu na gari lenye kiyoyozi, alishauri bahasha ile niiuze kwa mama muuza karanga. "Karatasi yake nzito," alisema. "Itafunga karanga vizuri." Jirani yetu, fundi cherehani, mzee Mwislamu ambaye babu yake alifika Kigali na marobota ya vitambaa kutoka pwani, aliacha kushona. Alinitazama kiunoni kama anayenipima suruali, akacheka, akarudi kwenye cherehani yake. Kicheko kile kiliniuma kuliko maneno ya wote.

Basi nikafungua shule ya udereva. Nilianza na gari moja dogo jeupe, lenye pembetatu ya bati juu ya paa na breki ya pili upande wa mwalimu. Sitaki kujisifu, lakini ukweli usiposemwa na mwenyewe utasemwa na nani? Ukimwona dereva Nyamirambo anatoa ishara kabla ya kukata kona, huyo amepita mikononi mwangu. Wasiotoa ishara walifundishwa kwingine.

Hata mke nilimpata kazini. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtoto wa Busanza, na ndiye mwanafunzi pekee aliyewahi kuniambia, gari likiwa barabarani, "Mwalimu, nyamaza kidogo nisikie injini." Nilinyamaza. Hakuna aliyewahi kuniweza hivyo. Alipopata leseni nilimwambia sitaki apotee kama wanafunzi wengine wanavyopotea wakishafaulu, naye akaniambia nikamwone babake.

Baba yake alikuwa mkuu wa mudugudu, yaani mtaa wao, na alikuwa mtu wa saa. Kila mtu alinisimulia kisa cha dada mkubwa wa mchumba wangu: ujumbe wa mchumba ulichelewa siku ya gusaba, ndiyo posa yenyewe, ukakuta geti limefungwa, ukarudi na soda zake na aibu yake. Dada huyo baadaye aliolewa na mwingine aliyewahi. Sasa sisi tuliambiwa saa nne asubuhi. Haikusemwa "kama saa nne" wala "saa nne saa tano hivi" kama watu wanavyosema. Ilisemwa saa nne.

Gari langu la shule lisingefaa kwa posa. Huwezi kumwendea baba wa watu na pembetatu ya mwanagenzi juu ya kichwa. Kwa hiyo nilifanya kama wote wafanyavyo Kigali: niliazima. Hapa kwetu mtu anayeoa hutwererwa, yaani jamaa na majirani humchangia. Mmoja hutoa kreti za bia, mwingine viti, mwenye gari hutoa gari na huliendesha mwenyewe, akijua kwamba siku yake ikifika nawe utatoa. Fundi cherehani alitoa gari lake la zamani la rangi ya maziwa, analolipangusa kuliko anavyopangusa miwani yake. Binamu alitoa lile lenye kiyoyozi. Wa tatu alikuwa dada mmoja wa Nyarutarama, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ambaye nilimfundisha kurudi nyuma na gari lake kubwa jeusi bila kuua maua ya watu. Shangazi, wazee na vinywaji walipanda basi dogo la kukodi.

Mpango wa msafara niliuchora mimi. Gari la fundi litatangulia na mimi kiti cha nyuma, nimevaa shuka langu la sherehe na fimbo mkononi. Nyuma yetu dada, kisha binamu, kisha basi. Niliwaambia wote: "Mkinifuata mimi, hakuna atakayechelewa na hakuna atakayepigwa faini."

Binamu aliinua nyusi. "Msafara wa posa Kigali bila faini? Huo bado haujazaliwa, kaka."

"Utazaliwa Jumamosi," nilisema.

Lazima nieleze kitu kwa wasiokaa mjini kwetu. Kamera za kasi zipo kila kilima, na mji umezipa jina la kike. Silitaji hapa, maana shangazi yangu anaitwa hivyohivyo na kisa hiki ataambiwa. Kamera hizo hazibishani. Zinakupiga picha, na muda si mrefu simu ya mwenye gari inalia: ulikuwa mahali fulani, ukienda kasi fulani, lipa. Watu hulalamika sana, na nusu ya malalamiko hayo nimeyasikia ndani ya gari langu, mwanafunzi akiwa hajajua hata gia ya tatu.

Jumamosi hiyo tulichelewa kuondoka kwa sababu ya shangazi. Alishapanda basi, akashuka, akarudi ndani kubadilisha kitambaa cha kichwa, akatoka na kilekile. Tulipofika upande wa Kicukiro, fundi alikuwa anatazama saa yake na mimi naitazama ya kwangu, na zote mbili zilikuwa zinatukana.

"Mwalimu," fundi alisema, "geti la muzehe iko inafunga."

"Ongeza, fundi. Hapa ni sitini."

"Weye una uhakika? Mimi naona watu wanaenda polepole."

"Hao hawajui barabara. Mimi juzi nimepita hapa na mwanafunzi. Sitini. Ongeza."

Fundi akaongeza. Nyuma yetu dada akaongeza, binamu akaongeza. Tulishuka ule mteremko wa kuelekea kwa kina mchumba wangu tukiwa sitini kamili, taa za tahadhari zinawaka, riboni zinapepea, na nakumbuka nilifurahi kwa jinsi magari matatu yalivyoachana kwa nafasi sawasawa kama nilivyofundisha. Chini kabisa ya mteremko, kando ya mti wa jakaranda, kulikuwa na kitu chenye miguu mitatu. Nilikiona tulipokuwa tumekwisha kukipita.

"Mpimaji wa ardhi," nilimwambia fundi.

Tuliingia getini dakika chache kabla ya saa nne. Basi lilifika baadaye kidogo, kwa mwendo wa bibi arusi, dereva wake akiwa amelaumiwa njia nzima na shangazi kwa uzembe. Lakini wazee wa mbele walikuwa wamekwisha kaa, na geti lilikuwa wazi. Nilitazama upande wa binamu nikamkonyeza.

Gusaba yetu ni vita ya maneno. Upande wa msichana una msemaji wake, upande wa mvulana una wake, na wawili hao hubishana mbele ya wageni kama mawakili, wakichekeshana na kuchomana, mpaka binti atolewe. Bwana arusi mtarajiwa haongei. Anakaa kama picha ukutani. Msemaji wao alikuwa mzee mwembamba mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuamua kesi za mipaka ya mashamba. Wetu alikuwa mwalimu mstaafu. Walisema kwa Kinyarwanda, na hapa nayaweka kwa Kiswahili changu.

Walikuwa bado kwenye kuulizana habari za ng'ombe, simu ya fundi ikalia. Fundi ana masikio mazito, kwa hiyo simu yake hulia kama soko. Aliitoa mfukoni, akaisogeza mbali na macho, akasoma. Kisha akanitazama mimi. Kabla sijageuka, simu ya dada wa Nyarutarama ikalia ndani ya pochi. Kisha ya binamu.

Msemaji wao akanyamaza. Alikuwa mtu wa kujua lini anyamaze.

"Wageni wetu," akasema, "tuliwaomba mje na ng'ombe. Naona mmekuja na majogoo."

Hema zima likacheka. Fundi, kwa uaminifu wake wote, akainuka nusu na kujibu kwa sauti: "Si majogoo, muzehe. Ni kamera ya hapa chini. Imetupiga picha sisi wote."

"Ah! Picha ya arusi kabla ya arusi!" Msemaji aligeuka kwa watu wake. "Mmesikia? Mlikuwa mnakimbia nini?"

Mwalimu mstaafu wetu hakukosa jibu. "Mtu anayekwenda kuomba binti wa nyumba hii, mzee, miguu yake haimsikilizi. Tulikimbizwa na uzuri."

Watu wakapiga makofi. Msemaji wao akatikisa kichwa polepole. "Vizuri. Na mkishampata, mtarudi naye kwa kasi gani? Sisi hatujalea binti wa kurushwa kwenye kona."

Hapo ndipo mtu mwingine angekaa kimya. Mimi nilisimama.

Nasema kwa ukweli wote kwamba sijutii. Nina stashahada. Watu walikuwa wanazungumzia kasi za barabara kana kwamba ni mambo ya bahati, na mimi ni mtaalamu niliyekuwa nimefungwa mdomo kwa shuka. Niliwaeleza, kwa adabu, jinsi kikomo cha kasi kinavyowekwa: kwamba kwanza hupimwa mwendo wa magari yakiwa hayana kizuizi, huangaliwa kasi ambayo madereva walio wengi hawaizidi, kisha hutazamwa mteremko, kona, shule, soko, na watu wanaovuka. Kwamba namba peke yake haimsaidii mtu ikiwa kibao kimesimikwa mahali dereva hakioni mpaka awe amekwisha kosa. Niliwaeleza kwamba pale chini kibao kipya, kama kipo, kimefichwa nyuma ya jakaranda. Nikamalizia, na sentensi hii ndiyo iliyokumbukwa zaidi: "Aliyechagua mahali pale hajawahi kukaa kwenye usukani hata wa baiskeli."

Shangazi yangu alijifunika uso kwa kile kitambaa chake.

Baba wa mchumba wangu, ambaye naye kwa mila haongei siku hiyo, alikohoa. Alikuwa mtu mfupi mwenye koti kubwa. Alisimama taratibu, akashika ncha za koti, akasema: "Mahali pale nilipachagua mimi."

Nilisikia vijiko kwenye sahani za jirani.

Alieleza kwa ufupi. Watu wa mudugudu wao huvuka pale kwenda shule, sokoni na kituo cha basi. Mama mmoja muuza parachichi aligongwa na gari akavunjika mguu, na matunda yake yakateremka barabarani mpaka mtaroni. Kwenye mkutano wa baada ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, wakazi walikubaliana waombe arobaini. Waliandika, wakafuatilia, wataalamu wakaja wakapima. Wakauliza watu wanavuka wapi. Yeye akanyoosha kidole: hapa. Kibao kikasimikwa hapo. Kamera ikafuata.

"Sasa huyu kijana ana karatasi," alisema, bila hasira, na hiyo ndiyo iliyonitisha. "Sisi tuna barabara. Aje siku ya umuganda awaambie watu wa barabara hayo anayowaambia watu wa hema. Wakikubali kwamba tulikosea, tutapanga siku ya arusi. Wasipokubali, tutaendelea kufikiri."

Msemaji wao akaketi kama mtu aliyepewa zawadi. Tulikula, tulikunywa, tuliimbiwa, ng'ombe walisifiwa mmoja mmoja. Lakini siku haikupangwa, na watu wote walilijua hilo. Posa bila siku ni kama mlango bila kitasa.

Jioni mchumba wangu alinipigia.

"Sheri wangu," alisema, "siku moja tu. Siku moja tu ya kukaa kimya katika maisha yako yote."

"Nilisema uongo?"

"Hukusema uongo. Ulisema. Sikiliza. Baba akikosea huwa anakubali, lakini lazima aone kwa macho yake. Akiambiwa kwa mdomo, hata awe amekosea, atapinga mpaka ng'ombe wazae."

"Nina stashahada ya kumwonyesha."

"Stashahada ameshaiona. Mwonyeshe barabara."

Kabla ya siku ile kufika nililipa faini za watu wote watatu, kwa sababu mimi ndiye niliyesema sitini. Nilikwenda pia kuuliza kama zinaweza kufutwa, kwa kuwa kibao kilikuwa kipya na kimejificha. Afisa wa dirishani, kijana mpole sana, aliniuliza kama kibao kilikuwepo. Nikasema kilikuwepo, ila nyuma ya mti. Akaniuliza kama mti ulikuwa unatembea. Nililipa. Dada wa Nyarutarama alipokea fedha zake, akazihesabu, akaniangalia. "Hii ni ya kamera," alisema. "Gari langu bado unadaiwa. Gari hulipwa kwa gari, wewe mwenyewe unajua." Fundi na binamu wakasema vilevile, kila mmoja kwa namna yake, na namna ya binamu haiandikiki.

Siku ya umuganda nilifika Busanza asubuhi mapema na jembe begani, nikiwa nimeliacha gari langu la shule, pembetatu na vyote, kando ya barabara kabla magari hayajazuiwa kwa ajili ya umuganda. Fundi alinifuata kwa moto, pikipiki ya abiria. Alisema amekuja kufanya kazi, lakini alikuja kutazama. Tulizibua mifereji. Nilichimba kwa bidii ambayo watu wa kwetu Nyamirambo wasingeiamini, na kila nilipoinua kichwa baba mkwe mtarajiwa alikuwa ananitazama kutoka upande wa pili wa mfereji, akichimba kwa kasi ileile.

Kwenye mkutano alinipa nafasi. Watu walikaa kwenye majani, majembe magotini. Nilianza kueleza habari za mwendo wa madereva walio wengi, nikaona macho yanaanza kufifia, nikakumbuka sauti ya mwanafunzi wangu: nyamaza kidogo. Nikanyamaza. Nikamgeukia baba yake.

"Mzee, nakuomba upande gari langu. Upande wa abiria. Nitashuka mteremko kwa sitini, kama sheria ya huko juu inavyoruhusu. Ukiona kibao chako, inua mkono. Mimi papo hapo nitashika breki."

Akatazama watu wake. Watu wake wakatazama pembetatu.

"Gari la wanafunzi," alisema mmoja.

"Hata yeye leo ni mwanafunzi," alisema mwingine, na sikuelewa ni nani aliyekusudiwa.

Alipanda. Alifunga mkanda kama mtu anayefunga kesi. Tulikwenda juu ya kilima, tukageuka, tukashuka. Barabara ilikuwa tupu bado. Alikuwa ameinama mbele, mkono tayari kwenye paja. Mti ukaja, ukakua, na pale alipoinua mkono, shina la jakaranda lilikuwa limeshapita kwenye dirisha lake. Nilishika breki. Tulisimama mbali kabisa, chini, pale wanapovuka watu wake.

Aligeuka nyuma akautazama mti.

"Rudia," alisema.

Tukarudia. Safari hii aliinama zaidi, mpaka kofia ikagusa kioo, na mkono wake ukapanda mapema kidogo tu, na breki haikubadilisha chochote. Akanitaka nirudie tena. Mara ile ya mwisho hakuinua mkono kabisa. Tulipita kibao, tukapita mahali pa kamera, nikasimama. Alifungua mkanda.

"Nilipachagua nikiwa nimesimama kwa miguu," alisema. "Ukisimama kwa miguu kinaonekana vizuri sana."

Ningeweza kusema mengi. Nina shahidi, fundi wa cherehani aliyekuwa amekwisha fika dirishani, kwamba sikusema neno.

Wakazi walikuwa wameshuka wakatuzunguka. Baba mkwe mtarajiwa alitoka garini, akavuta koti, nikadhani anakwenda kutangaza. Badala yake aliinua kidole.

"Sasa na wewe shuka," alisema. "Vuka barabara hapa. Na usikimbie. Wengine hapa wana magoti."

Nilicheka. Kuvuka barabara? Nimewafundisha watu wangapi kuwapisha wanaovuka! Nilisimama kwenye ukingo na kutazama juu kilimani. Muda wa umuganda ulikuwa umekwisha, na wanaokaa Kigali wanajua kinachofuata: magari yaliyofungiwa asubuhi nzima yanatoka kama mbuzi waliofunguliwa zizi. Yalikuja. Yalishuka ule mteremko kwa sitini halali, moto zikichomoza kati yake, wote wakiwa na haraka ya nusu siku. Nilitanguliza mguu, nikaurudisha. Nikatanguliza mwingine. Gari likapiga honi, na mimi nikapiga hatua ambayo sijaifundisha mtu yeyote.

"Mwalimu!" fundi alipaza sauti. "Leseni iko wapi?"

Wanawake walicheka mpaka majembe yakaanguka. Nilingoja pengo lile ambalo kitabuni huwa lipo. Halikuja. Mwishowe mama mmoja mwenye kapu kichwani, akichechemea kidogo mguu mmoja, alisimama karibu yangu na kuuliza kama nakaa hapo au nakwenda. Akaniambia nishike upindo wa kitenge chake. Nilivuka. Mtu asiniulize zaidi ya hapo. Nilivuka, na upande wa pili nilisimama wima kama mtu mwenye stashahada.

Baba mkwe alinitazama kutoka ng'ambo. "Sitini au arobaini?" aliuliza kwa sauti, na magari yakipita kati yetu.

"Arobaini!" nilijibu.

"Na kibao?"

"Juu! Kabla ya mti!"

Akawageukia watu. Wakainua mikono. Wote walitaka arobaini ibaki, na wote, hata waliotaka kunicheka tu, waliinua tena mikono kwamba kibao kipandishwe juu ya kilima, kabla ya jakaranda, mahali dereva anapokiona akiwa bado na nafasi ya kutii. Mtu mmoja alipendekeza mti ukatwe, akazomewa. Barua iliandikwa palepale na mwalimu wa shule ya msingi mwenye mwandiko mzuri, ambaye alikuwa ananitazama huku anaandika na kujaribu kutocheka.

"Wewe umeshinda mahali," baba yake aliniambia tukiwa tunanawa mikono kwenye ndoo moja. "Mimi nimeshinda namba."

"Ndiyo, baba."

"Sema tena."

"Ndiyo, baba."

Alijipangusa mikono kwenye koti. "Basi leteni wazee wenu tupange siku."

Kibao hakikupanda siku hiyo wala mwezi huo. Kilipanda, baada ya barua, na baada ya baba mkwe kuikumbusha barua hiyo kwa miguu yake mara nyingi. Siku ya arusi yetu kilikuwa kimesimama juu, cheupe na chekundu, na jakaranda lilikuwa limebaki chini na maua yake. Watu wale watatu walinitwerera tena magari yaleyale. Binamu alisema anafanya hivyo kwa ajili ya bibi arusi tu.

Kisha nikaanza kulipa. Shule ilikua, nilinunua gari la pili la kufundishia, na baada yake gari langu binafsi, la kijivu, lisilo na pembetatu, na nililipa fedha taslimu, jambo ambalo binamu yangu hadi leo hajaniuliza kwa sababu anajua nitamjibu. Alipooa yeye, gari langu lilikuwa la kwanza msafarani, na niliwabeba wazee wake. Mdogo wake dada wa Nyarutarama alipoposa, nilitoka asubuhi na kurudi jioni, viti vya nyuma vimejaa mikungu ya ndizi, na dada akaniambia tumelingana. Nilibaki na deni moja.

Fundi alimwoza binti yake wa mwisho. Ndoa ilifungwa Nyamirambo, na mimi ndiye niliyembeba bibi arusi kumpeleka kwa mumewe Nyarutarama. Nililing'arisha gari tangu alfajiri. Fundi alikaa mbele kando yangu, kanzu mpya aliyoishona mwenyewe, mikono magotini, na njia nzima alikuwa ananisukuma kwa macho.

"Mwalimu, hata baiskeli iko inatupita."

"Hapa ni arobaini, mzee."

"Baiskeli haijui?"

Binti yake alicheka nyuma ya shela yake. Tulifika kwa mwendo wetu, tukapokewa kwa vigelegele kwenye geti la nyumba yenye mlinzi na maua yaliyopangwa mstari. Nilishuka nikafungua mlango wa nyuma. Fundi alishuka taratibu, akazunguka gari langu lote akilitazama kama anavyotazama suti iliyoshonwa na fundi mwingine, akapiga paa kwa kiganja.

"Sasa hatudaiani," alisema.

"Hatudaiani, mzee."

Akanipa mkono, akaushika kwa mikono yote miwili, hakuuachia. "Lakini kesho asubuhi kuja na gari tena. Viti vya watu lazima virudi."

"Mzee, deni limekwisha leo."

"Ndiyo limekwisha. Ya kesho itakuwa deni yangu mimi."

Nikamwambia nitakuja. Niliingia garini, nikafunga mkanda, nikatoa ishara ingawa hapakuwa na gari lingine uani. Tangu nirudi nchini, hiyo ilikuwa mara ya kwanza mimi kuondoka mbele ya mtu anayenidai kidogo kuliko ninavyomdai.